Kiti cha mtoto kwenye gari: kipi kinunuliwe kwa IST, Noah na magari ya aina hiyo

Nianze na jibu, maana anayetafuta habari hizi mara nyingi mtoto yuko njiani na hela ya kiti imeshatengwa. Kwa mwenye gari la Kijapani lililokwishatumika, na atakayenunua kiti kimoja tu, mimi ningechagua kiti cha kugeuzwa: kinafungwa kikitazama nyuma mtoto akiwa mchanga, kinageuzwa kutazama mbele akishakua, na kinashikwa na mkanda wa gari. Kiwe kipya, kiwe na lebo ya kupimwa, hata kama ni cha kawaida tu. Kiti cha jina kubwa kilichoshuka na kontena la mitumba, hata kikiwa kinang'aa, ningekiacha hapo hapo. Kuna mahali jibu hili linabadilika, na ndiyo maana nimeandika kirefu.

Kwanza mapaja. Wengi wetu tumekua tukipakatwa garini, na mpaka leo utamwona mama amekaa siti ya mbele, mtoto kifuani, mkanda umewazunguka wote wawili. Gari likigonga kitu likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, mwili unatupwa mbele kwa nguvu inayofika mara 30 ya uzito wake au zaidi. Mtoto wa kilo 8 anageuka mzigo wa kilo 240 kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hakuna mikono ya binadamu inayozuia uzito huo. Na kama mkanda umewafunga pamoja, mwili wa mama ndio unaomkandamiza mtoto kwenye mkanda. Shirika la Afya Duniani linasema viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya vichanga kwa asilimia 71. Kwa hiyo usisubiri trafiki akuulize.

Atazame nyuma au mbele?

Kwenye hili sioni pande mbili. Kichwa cha kichanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo yake bado haijakomaa, sehemu kubwa ni gegedu. Akiwa ametazama mbele gari likagonga, mikanda inashika mabega lakini kichwa kinaendelea na safari, na shingo hiyo laini ndiyo inayopewa kazi ya kukirudisha. Akiwa ametazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vinazama kwa pamoja kwenye ganda la kiti, na ganda ndilo linalobeba kishindo. Daktari wa Sweden, Bertil Aldman, alianza kutengeneza viti vya namna hii miaka ya 1960 baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani kwenye vyombo vya Gemini walivyolazwa chali ili nguvu ya roketi isambae mgongo mzima. Sweden imezoea tangu zamani kuwaacha watoto watazame nyuma mpaka karibu miaka 4.

Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa inataka mtoto asigeuzwe kabla hajapita miezi 15. Madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2018 wanashauri abaki akitazama nyuma mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti chenyewe. Mimi nipo na hao wa pili. Bibi atasema mtoto anaumia miguu kwa kuwa inagusa siti. Haumii, anaikunja tu. Cha kutazama ni kichwa: kikibakiza chini ya sentimita 2 na nusu kufika ukingo wa juu wa ganda, kiti kimekuwa kidogo kwake.

Kiti kinachotazama nyuma kisifungwe kabisa siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Tazama dashibodi upande wa abiria. Ukiona maandishi SRS AIRBAG, basi upo. Mfuko huo hufumuka kwa kasi ya kutisha na utapiga ganda la kiti likiwa sentimita chache tu kutoka kwenye kisogo cha mtoto. Magari yetu mengi hayana swichi ya kuuzima. Siti ya nyuma, basi.

Kiti cha kichanga na kiti cha kugeuzwa

Kiti cha kichanga ni kile kidogo chenye mkono wa kubebea, kinachotazama nyuma tu, na kwa kawaida mwisho wake ni kilo 13. Kinamkaa vizuri mtoto aliyezaliwa jana. Ni chepesi, hakili nafasi, na kwenye Vitz au Passo hilo si jambo dogo, kwani abiria wa mbele bado atakaa bila magoti kugusa dashibodi. Vingi vinafungwa kwa mkanda peke yake bila kitako cha kubaki garini, kwa hiyo unaweza kukihamisha leo kwenye gari lako, kesho kwenye la shemeji, keshokutwa kwenye Bolt.

Ubaya wake ni umri. Watoto wengi wanakimaliza kwa urefu karibu na mwaka mmoja, hata kilo 13 hawajafika. Hapo inabidi kununua cha pili, na hapo ndipo familia nyingi zinapokwama. Mtoto sasa anatembea, anaonekana mkubwa, ada ya kaka yake inadaiwa. Kiti cha pili hakinunuliwi, na anarudi mapajani akiwa bado na shingo ya mtoto wa mwaka mmoja. Nimeona hivyo kwa ndugu na majirani ambao kiti cha kwanza walikinunua kwa moyo kabisa.

Kiti cha kugeuzwa kinaanzia kuzaliwa mpaka kilo 18, yaani kama miaka 4, na kipindi hicho ndicho mtoto anachohitaji kiti kuliko kingine chochote. Ni kikubwa, ni kizito, hakibebwi kwenda nacho dukani. Kwenye IST kikitazama nyuma kitakulazimisha kusogeza siti ya abiria wa mbele, kwa hiyo kifunge upande huo na si nyuma ya dereva, dereva asije akaendesha amejikunja. Kabla ya kununua angalia tundu la chini kabisa la mikanda ya mabega. Kwa anayetazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Kwa kichanga cha kilo 3, viti vingine matundu yake yako juu mno hata ukiweka kile kimto cha ndani. Mtoto aliyezaliwa njiti ndiye anayenifanya nibadilishe jibu: huyo anunuliwe kiti cha kichanga kilichoandikwa kwamba kinafaa kwa uzito wake, na cha kugeuzwa kisubiri. Jibu linabadilika pia kwa asiye na gari, anayetegemea teksi. Kiti cha kichanga kinamfaa zaidi kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu kiti kizito asichoweza kukihamisha kitaishia kukaa stoo.

Vile vya "mpaka miaka 12"

Madukani sasa vimejaa viti vilivyoandikwa kilo 0 mpaka 36. Hesabu yake inavutia, unalipa mara moja mtoto anafika darasa la tano. Tatizo ni kwamba kitu kinachotaka kufaa kila umri mara nyingi hakimkai vizuri yule mdogo kabisa: mlalo wake unakuwa wa kusimama mno, kidevu cha kichanga kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Kichanga anahitaji kulazwa kwa pembe ya kama digrii 45. Ukikipenda kiti cha aina hii, mlaze mtoto mwenyewe dukani kwanza uone kidevu kimekaaje.

Kuna mtego mkubwa zaidi ya huo. Viti vya kilo 9 mpaka 36 vinafanana sana na hivi, na muuzaji atakwambia ni vya kuanzia kuzaliwa. Vya kilo 9 hutazama mbele. Havimfai mtoto wa miezi mitatu hata awe mnene kiasi gani. Soma namba kwenye lebo ya kiti, achana na picha ya boksi.

Halafu vile vya kitambaa, vinavyokunjika ukavitia kwenye begi, vyenye kamba mbili tatu za kufunga kwenye siti na bei ya kutupa. Havina ganda, havina kitu cha kupokea kichwa. Usinunue.

Busta ni kwa mtoto aliyekwisha kumaliza kiti chenye mikanda yake mwenyewe, kuanzia kilo 15, na ningesubiri afike miaka 4 akiwa pia anaweza kukaa bila kujilaza. Kazi yake ni kumwinua ili mkanda wa gari upite kwenye mifupa ya nyonga na katikati ya bega, usipite tumboni na shingoni. Yenye mgongo ni bora kuliko kimto kitupu: inamshika akisinzia na inaelekeza mkanda begani. Vimto visivyo na mgongo vilivyoidhinishwa kwa mara ya kwanza kuanzia 2017 kwa Kanuni namba 44, ile ya zamani ya Umoja wa Mataifa, ni kwa mtoto wa urefu wa kuanzia sentimita 125. Busta inahitaji mkanda wa pointi tatu, yaani kiunoni na begani. Siti ya katikati nyuma kwenye magari mengi ya zamani ina mkanda wa kiunoni tu, hapo busta haikai.

ISOFIX au mkanda wa gari

Ingiza vidole kwenye mwanya kati ya mgongo na makalio ya siti ya nyuma. Ukigusa vyuma viwili vyembamba vilivyoachana kwa sentimita 28, gari lako lina ISOFIX, yaani vyuma vya kushikia kiti cha mtoto bila kutumia mkanda wa gari. Japani ililazimisha vyuma hivyo kwenye magari madogo mapya tangu Julai 2012. Kabla ya hapo mengine yalikuwa navyo, mengine hayakuwa. Kenya hairuhusu gari la zaidi ya miaka 8 kuingia, kwa hiyo magari madogo yanayoshushwa Mombasa siku hizi yamepita mwaka huo. Sisi Tanzania bado tunaendesha IST za 2003 na Noah za zamani zaidi, na kwetu vidole ndivyo vinavyojua ukweli, si muuzaji.

Uzuri wa ISOFIX ni kwamba ni vigumu kuifunga vibaya. Unasukuma mikono ya kiti mpaka isikike *tak, tak*, alama zinageuka kijani, umemaliza. Kinachobaki ni kufunga mkanda wa juu unaokwenda kwenye ndoana nyuma ya siti, au kushusha mguu wake ukanyage sakafu. Mguu huo usikanyage juu ya kifuniko cha shimo la sakafuni kwenye magari yenye sanduku chini ya miguu. Ubaya wake ni bei, uzito, na kwamba kiti kinachotegemea ISOFIX peke yake ni mzigo mtupu siku unapopanda gari la mwingine.

Mkanda ukifungwa sawasawa unamlinda mtoto vizuri vilevile. Neno ni hilo "sawasawa", kwani viti vingi vya mkanda vinafungwa vikilegea. Mwenye gari lenye vyuma na hela inatosha, achukue kiti kinachokubali njia zote mbili. Asiye navyo asijione amepungukiwa, ajifunze kukaza.

Noah na Voxy zinanipa maneno ya ziada. Safu ya kati kwenye baadhi ya zile za zamani ina siti zinazozunguka. Usifunge kiti cha mtoto kwenye siti iliyogeuzwa. Na zile Land Cruiser zenye mabenchi ya ubavuni huko nyuma, kiti cha mtoto hakifungwi kwenye benchi la ubavuni kwa namna yoyote. Viti hivi vinapimwa kwa siti zinazotazama mbele ya gari.

Kipya au cha mtumba

Natamani ningesema mtumba ni sawa, maana tunavaa mtumba, tunalalia mtumba na gari lenyewe ni mtumba. Lakini kiti kilichopita kwenye ajali kinaweza kuwa na ufa ndani ya ganda usioonekana, au lile povu gumu jeupe chini ya kitambaa likawa limebonyea. Muuzaji aliyekitoa kwenye robota hajui kilipotoka. Cha dada yako unayemjua, ambaye gari lake halijawahi kugonga, ni jambo jingine kabisa, kichukue na umshukuru.

Ukilazimika, pindua kiti. Chini ya plastiki tafuta duara dogo lililochongwa, lenye namba 1 mpaka 12 kulizunguka, mshale katikati, na tarakimu mbili kando ya mshale. Mshale unaonyesha mwezi, tarakimu zinaonyesha mwaka: ukielekea 7 na pembeni pameandikwa 13, plastiki hiyo ilitoka kiwandani Julai 2013. Watengenezaji wengi wanatoa miaka 6 mpaka 10. Kwa joto la Dar au Mombasa, ndani ya gari lililoegeshwa juani, mimi nisingenyoosha mpaka mwisho.

Kisha tafuta lebo ya rangi ya chungwa. Ina herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha: E1 ni Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza, E43 Japani. Kwenye kanuni ya zamani, namba 44, utaona uzito kama "9-18 kg" na namba ndefu inayoanza na 04. Kwenye mpya, namba 129, utaona urefu kwa sentimita, mfano 40-105. Hii mpya, iliyoanza 2013, inapima pia kugongwa ubavuni, jambo ambalo ya zamani haikulipima. Ulaya iliacha kuuza vipya vya namba 44 mwezi Septemba 2024. Ukikuta namba 129 kwa bei unayoimudu, chukua hiyo. Namba 44 inayoanza na 04 bado ni kiti halali kilichopimwa. Viti vilivyotoka Marekani havina E, vina kanuni ya kwao, na vinatambulika kwa kile kibanio cha kifuani. Hivyo navyo vimepimwa, ila viwe na kitabu chake cha maelekezo. Kisicho na lebo yoyote si kiti.

Kukifunga

Tuseme ni kiti cha kugeuzwa, kinatazama nyuma, kwa mkanda wa pointi tatu. Kiweke siti ya nyuma, mstari wa mlalo ulioko ubavuni ulale sawa na barabara, gari likiwa limesimama pa tambarare. Tafuta njia ya mkanda: kwa viti vya kanuni namba 44, buluu ni ya kutazama nyuma na nyekundu ni ya kutazama mbele. Pitisha mkanda kwenye buluu bila kuuacha ujikunje, funga kwenye kifungio cha gari. Sasa weka goti au mkono wako wote ndani ya kiti, lemea kwa uzito wako, na mkono wa pili uvute mkanda wa begani kuondoa ulegevu wote wa kiunoni. Lemea tena, vuta tena. Kwenye baadhi ya magari ya Kijapani, ukivuta mkanda wa nyuma mpaka mwisho kisha ukauachia, unarudi ukilia *ka-ka-ka* na hautoki tena. Hiyo ni kufuli yake, itumie kama kiti chako hakina kibanio chake cha kushika mkanda wa gari.

Shika kiti pale mkanda unapopita, si kwa juu, utikise kulia na kushoto. Kikisogea zaidi ya sentimita 2 na nusu, fungua uanze upya. Juu kitacheza kidogo kikitazama nyuma, hiyo haina neno.

Kisha mtoto. Makalio yaguse nyuma kabisa. Kaza mikanda, halafu jaribu kubana utepe wake kwa vidole viwili juu ya mtulinga. Ukiweza kushika mkunjo, bado imelegea. Njombe, Arusha na Limuru kuna baridi asubuhi, na mtoto anafungwa na sweta nene au koti la manyoya. Mikanda inaonekana imekaza kumbe imekaza koti. Mvue, mfunge, kisha mfunike blanketi au kanga juu ya mikanda. Pwani shida ni nyingine: chuma cha kifungio kikishinda juani kinaunguza paja, kwa hiyo kiti kifunikwe kanga ukiegesha, na uguse mwenyewe kwanza. Safari ndefu, Dar kwenda Moshi kwa mfano, simama kila baada ya saa mbili umtoe alale chali ajinyooshe; kichanga wa wiki chache, mapema zaidi. Mkifika nyumbani amelala, mhamishie kitandani, asiachwe alale kwenye kiti.

Kigezo cha mwisho hakimo kwenye boksi lolote. Nani atamfunga mtoto siku ya Jumanne saa kumi na mbili asubuhi? Kama ni dada wa kazi na dereva wa babu, basi wao ndio waende nawe dukani. Muombe muuzaji akitoe kiti mpaka kwenye maegesho, dada akifunge mbele yako bila kusaidiwa, afunge na kufungua kile kifungio chekundu, kigumu makusudi ili mtoto asikifungue. Kikimshinda, jaribu cha pembeni yake, hata kama hicho cha kwanza ndicho ulichokipenda. Muuzaji asiyekubali kiti kitoke dukani kujaribiwa, nenda duka linalofuata.